Michoro ya Kijivu ya Binti Courtade

Kama unazo zile kadi za picha za wachoraji zilizokuwa zikiuzwa dukani kwa Tournadre, hapa Paris, enzi za Kaizari, zitoe sandukuni uzitazame vizuri. Mchoraji amesimama ndani ya studio yake, koti la mahameli mwilini, kibao cha rangi mkononi, kidevu juu. Nyuma yake umewekwa ule mchoro mkubwa uliompa jina. Basi mchoro huo si wake. Ni kazi ya Philomène Courtade, aliyekaa ghorofa ya juu kabisa katika jengo letu. Fremu ni yangu mimi. Na kuna kadi moja, ukiitazama pembeni, utaona kidole gumba cha mtu kimeishikilia fremu isianguke. Kidole hicho nacho ni changu.

Mimi ni Lormier, fundi fremu. Karakana yangu iko chini, mlango wa kwanza ukiingia uani, na nimewajua wachoraji wengi kuliko nilivyotaka. Wanakuja wakati fremu haijakauka, wanaondoka kabla ya kusema asante. Ninayetaka kumsema hapa ni huyu wa ghorofa ya juu, ambaye hakuna anayemsema.

Habari yenyewe ilianza na Garancière. Mwaka ule Garancière alikuwa ametoa mchoro wake wa Mavuno, na mji mzima ulipanga foleni kuutazama. Shamba la ngano la manjano kuanzia ukingo huu hadi ule, jua linawaka, na katikati ya wavunaji anapita Bikira Maria amevaa nguo ya bluu. Nami niliusifu, ingawa Garancière mwenyewe simpendi. Tournadre mpiga picha ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuwapiga picha wachoraji wakubwa ndani ya studio zao, awauze kwa kadi kama wanavyouzwa waimbaji na majenerali. Akamsimamisha Garancière mbele ya Mavuno, akapiga.

Kamera za siku zile zilikuwa na ugonjwa wake. Dawa iliyopakwa kwenye kioo haikuona rangi kama sisi tunavyoona. Kila cha bluu kilitoka cheupe. Kila cha manjano au chekundu kilitoka cheusi. Mimi mwenyewe, kila nilipoingia kwenye picha kwa bahati mbaya, aproni yangu ya bluu ilitoka nyeupe pee, na watu wakadhani Garancière ametembelewa na mwoka mikate. Kwa hiyo ngano ya Garancière ilitoka nyeusi tititi, na Bikira Maria akatoka kama shuka limeanikwa. Gazeti moja likaandika kwamba Mwalimu sasa anachora dobi aliyepotea njia ndani ya mgodi wa makaa ya mawe.

Nilikuwa dukani kwa Tournadre siku Garancière alipokuja na gazeti mkononi.

"Tournadre, umenifanyia nini?"

"Si mimi, Mwalimu. Ni dawa ya kioo. Haipendi manjano."

"Haipendi manjano. Na pua yangu je? Pua imeikosea nini?"

"Nyekundu nayo haiipendi, Mwalimu."

"Pua yangu si nyekundu."

Mimi nikashughulika na kamba ya mzigo wangu.

Hapo ndipo Philomène Courtade alipotoka chumba cha nyuma, brashi ndogo imechomekwa kwenye nywele. Kazi yake pale ilikuwa kuziba vidoadoa vyeupe kwenye picha zilizokwisha safishwa, kidoa kimoja kimoja. Alikuwa mwanamke mfupi, amepita hamsini, amejitanda shali mbili majira yote, na kwa kuwa hakuolewa tulimwita Binti Courtade mpaka mwisho. Mke wangu Eulalie aliwahi kumuuliza kwa nini hakupata mume. Akajibu kwamba walikuja wawili, wakaondoshwa na harufu ya tapentaini.

"Mchoreeni Mavuno mengine," akasema, "ya kijivu tupu. Pale jicho linapoona mwanga mimi naweka kijivu cheupe, pale linapoona giza naweka cheusi. Kamera haitakuwa na rangi ya kugombana nayo."

Garancière akamtazama kuanzia shali mpaka viatu. "Na nani ataufanya huo upuuzi?"

"Mimi. Au uendelee na mgodi wako wa makaa, Mwalimu, ni hiari yako."

Binti Courtade alitoka mji wa Limoges, ambako akiwa msichana alichora maua kwenye sahani. Alikuja Paris kutaka kuwa mchoraji. Shule ya serikali haikuchukua wanawake, basi akaenda na stendi yake kwenye jumba la makumbusho na kukaa miaka akinakili mabikira wa watu wengine kwa ajili ya makanisa ya vijijini. Nusu ya parokia za kusini zinamsalia Bikira wa Binti Courtade na hazijui. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuiga kitu chochote, na nadhani huko ndiko alikoponzeka. Mtu akijulikana kwa kuiga, hakuna anayemwomba kitu kingine.

Alikaa studioni kwa Garancière mpaka Mavuno ya kijivu yakawa tayari, ukubwa uleule, kila suke mahali pake. Siku ya picha niliitwa mimi. Nikautoa mchoro halisi kwenye fremu yake ya dhahabu, nikauweka wa kijivu. Sikupiga misumari. Nilitumia vibanzi vya mti, unavigeuza kwa kidole, kwa sababu baada ya saa moja wa kijivu ulipaswa kutoka na wa rangi kurudi nyumbani kwake.

Garancière akaja na koti jipya la mahameli ambalo hangethubutu kulisogeza karibu na rangi, na pua ameipaka unga wa ngano kutoka jikoni. Akachukua brashi kavu, akaisogeza karibu na uso wa Bikira. Tournadre akamfungia kile chuma cha nyuma kinachoshika shingo mtu asitikisike.

"Mwalimu," akasema Binti Courtade, "unachora mchoro ambao tayari umo kwenye fremu?"

"Watu hawatambui mambo hayo."

"Na brashi haina rangi."

"Lormier, hebu mwambie huyu mama anyamaze."

"Nyamaza wewe, Mwalimu," akasema Tournadre chini ya kitambaa chake cheusi. "Unga unamwagika."

Picha ilitoka safi ajabu. Ngano iling'aa. Pua ilikuwa pua ya mtakatifu. Ndani ya majuma machache kila mchoraji mwenye jina alitaka ya kwake, na Binti Courtade akaacha vidoadoa akawa wa michoro ya kijivu. Alichora vita, mafuriko, mabinti wa Uturuki wakioga, ng'ombe. Kulikuwa na mchoraji mmoja wa ng'ombe tu, Vaucanne, mtu mpole, na huyo peke yake ndiye aliyewahi kumpa mkono.

Kila mara kazi ilikuwa ileile. Nautoa wa rangi, nauweka wa kijivu, Tournadre anapiga, nautoa wa kijivu, naurudisha wa rangi. Kisha naubeba ule wa kijivu mgongoni na kumpandishia ngazi mpaka juu, maana hakuna aliyeutaka tena. Kuta zake zikajaa. Ukimtembelea kunywa kahawa ulikaa katikati ya wakubwa wote wa Ufaransa, wote wa rangi ya majivu.

Jumapili, baada ya misa, Eulalie na mimi tulitembea naye mpaka kwenye dirisha la Tournadre. Kadi zilipangwa kwa safu, na chini ya kila moja kuna jina na neno moja: Mchoraji. Siku hiyo alisimama muda mrefu kuliko kawaida.

"Nataka kukaa pale," akasema.

"Pale wapi?" nikauliza.

"Pale kati ya Garancière na Vaucanne. Kuna nafasi. Picha yangu, na chini yake jina langu, na neno lilelile walilowekewa wao. Sitaki zaidi ya hapo."

Nilitaka kumtania, nikamwona uso, nikaacha. Huyu mwanamke hakuwahi kuomba kitu mbele yetu, hata chumvi. Eulalie akamshika mkono, tukarudi nyumbani tukizungumza habari za bei ya kuni.

Tournadre alipoambiwa alicheka kwanza. Halafu akasema ataangalia. Halafu akasema mwanga si mzuri upande ule wa jengo. Ilipofika zamu ya kumpiga picha mchoraji fulani wa vita ambaye Kaizari mwenyewe alimpenda, Binti Courtade akakunja shali yake.

"Huyo sitamchora."

"Binti Courtade, usinitie hasarani. Ana farasi mia mle ndani, wote wekundu."

"Watatoka weusi. Itakuwa vita vya usiku."

Tournadre akanitazama mimi kana kwamba nilikuwa na dawa. Nikamwambia mwanga wa upande ule wa jengo naujua, ni mzuri sana. Basi akakubali kuja.

Alikuja vuli, na kamera yake, hema lake jeusi la kushughulikia vioo, na kikohozi cha kupanda ngazi. Binti Courtade alikuwa amefagia, na amevaa kola nyeupe. Tournadre akaingiza kichwa chini ya kitambaa, akakaa humo. Akatoka, akaisogeza kamera, akaingia tena. Alipotoka mara ya pili uso wake ulikuwa umebadilika, na sikuona dhihaka ndani yake.

"Haiwezekani," akasema.

"Kwa nini?"

"Njoo uone mwenyewe."

Binti Courtade akaenda akainama chini ya kitambaa. Nami nikaangalia baada yake. Pale kwenye kioo, kichwa chini miguu juu, kilionekana chumba kilichojaa Mavuno ya Garancière, ng'ombe wa Vaucanne, mafuriko ya yule, vita vya huyu. Kwenye picha hakuna kijivu na rangi. Vyote ni kimoja. Ungeapa ni michoro halisi, na katikati yake kibibi mmoja aliyevaa kola.

"Watu wataniuliza huyu nani," akasema Tournadre. "Watasema ni mtumishi wa Garancière anapangusa vumbi. Au watang'amua, na hapo wachoraji wangu wote watanivunjia dirisha."

"Igeuze," nikasema. "Itazame ukutani."

Tukaigeuza yote, mmoja baada ya mwingine. Chumba kikawa migongo ya turubai na mbao za msalaba. Binti Courtade akasimama katikati. Tournadre akachungulia, akatikisa kichwa.

"Sasa ni mama mwenye duka la mbao. Binti Courtade, nakuheshimu, nasema kweli. Lakini mchoraji lazima awe na mchoro nyuma yake. Huna kitu chako mwenyewe?"

Akafikiri. Akaenda kabatini, akatoa sahani ya Limoges yenye maua ya zambarau, ile aliyoichora akiwa msichana. Akaishika mbele ya kifua. Mwishowe akairudisha kabatini mwenyewe.

"Jua likirudi nitarudi," akasema Tournadre. "Uchore kitu. Chochote. Naapa nitapiga."

Nilimsaidia kushusha kamera, na sikumlaumu, ingawa nilikuwa nimejiandaa kumlaumu.

Baridi ile Binti Courtade hakushuka ila kwa maji na mkate. Asubuhi moja akaniita kwenye ngazi.

"Mzee Lormier, ile fremu kubwa ya mwaloni imekwisha?"

"Imekwisha."

"Ibebe uje nayo mpaka kwenye kona ya ngazi yenye dirisha, usimame hapo."

"Nisimame na fremu yote hiyo?"

"Unavyoibeba siku zote."

Ninavyoibeba siku zote ni hivi: fremu kubwa naiingiza kichwani, upande mmoja unakaa begani, mwingine naushika na mkono wa chini, nami natokeza katikati. Hakuna njia nyingine kwenye ngazi zetu. Kila anayekutana nami huniambia kwamba sijawahi kupendeza hivi. Nilisimama pale kwenye kona, mwanga wa dirisha ubavuni, nikihema, kila asubuhi, na Eulalie kule chini akiwatangazia majirani.

"Mume wangu amepata kazi mpya. Anachorwa."

"Kama nani?" akauliza bawabu wa jengo.

"Kama Venus. Lakini ameombwa avae."

Binti Courtade alipomaliza, alinikaribisha kutazama. Nilikuwa mle, katikati ya fremu tupu, mguu mmoja juu ya kipandio, mdomo wazi, mshipa wa shingo umesimama. Mzee niliyekuwa nikidhani bado hajafika alikuwa amekwisha fika. Nilijisikia vibaya, halafu nikajisikia vizuri, na vyote viwili kwa wakati mmoja. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama kiasi kile, hata mama yangu.

"Lakini ni kijivu," nikasema.

"Ni kijivu."

"Mwingine wa rangi uko wapi?"

"Hakuna mwingine."

"Ulinakili kutoka wapi basi?"

"Kutoka kwako, Mzee Lormier. Ulisimama pale, umesahau? Kwanza niuchore wa rangi kwa ajili ya nani? Kamera haitauona."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameuchora mchoro wa kwanza wa maisha yake moja kwa moja kwa ajili ya picha, kama tulivyozoea, na hakuona ajabu yoyote.

Jua lilirudi, na Tournadre akarudi nalo. Binti Courtade hakuvaa kola safari hii. Alivaa kizibao chake chenye madoa, akachovya brashi kwenye rangi ya kweli, akasimama kando ya mchoro wake. Tournadre akachungulia chini ya kitambaa, akakaa.

"Sogea kushoto kidogo, Binti Courtade," akasema. "Hapo. Hapohapo."

Hakumfunga chuma cha shingo. Naye Binti Courtade hakutikisika hata kidogo. Tone la rangi lilitoka kwenye brashi likaangukia kiatu chake, na ukiitazama kadi vizuri utaliona pale.

Jumapili iliyofuata alikuwa dirishani. Kati ya Garancière na Vaucanne, kama alivyotaka. Binti P. Courtade, Mchoraji. Eulalie alilia mbele ya watu, mimi nikasema ni vumbi. Yeye mwenyewe hakulia. Alisoma ile kadi, akaisoma tena, akauliza kama tuna haraka ya kurudi, tukasema hatuna.

Siku chache baadaye nikasikia mtu anapanda ngazi akipumzika kila ghorofa. Alikuwa Garancière. Nikamfuata, maana nilitaka kuona anakuja kumfanyia nini.

"Nimekuona dirishani," akamwambia. "Pembeni yangu."

"Kulikuwa na nafasi, Mwalimu."

"Nimekuja kutazama mchoro. Nataka kuona umefanya nini na ile dhahabu ya fremu kwenye mwanga wa dirisha. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Garancière akausogelea, akarudi nyuma, akausogelea tena.

"Ndiyo, huu ni ule wa kamera. Nionyeshe mchoro halisi."

"Ndio huu."

Akanigeukia mimi, nami nikakubali kwa kichwa. Garancière akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Nasema kweli nilimwona anaumia, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, sikumchukia.

"Sikiliza, mama," akasema. "Mimi nimo katika kamati inayochagua michoro ya Maonyesho. Kitu hiki ni kizuri. Kizuri kuliko nilivyotaka kiwe. Lakini ukiuleta hivi watasema ni matayarisho, wataurudisha. Utie rangi. Uchore uleule, wa rangi, nami nitasimama niuseme. Utaning'inia ukutani, mji mzima utauona. Si kadi, mchoro wenyewe."

"Nitajaribu, Mwalimu," akasema.

Alijaribu. Nilisimama tena pale kwenye ngazi na fremu yangu. Siku moja akaniita ndani. Michoro miwili ilikuwa pamoja, wa kijivu na wa rangi. Kwenye ule mpya aproni yangu ilikuwa ya bluu barabara, fremu ya dhahabu, mashavu mekundu.

"Sema," akasema.

"Ni mimi."

"Lakini?"

"Lakini huyu hapandi ngazi. Amesimama tu."

Nilijuta kulisema, kisha nikaona kwamba alikuwa amelijua kabla yangu. Akachukua kisu cha kukwangulia, akaanza na mashavu.

"Nikitia rangi naanza kuiga," akasema huku anakwangua. "Naona bluu ya fulani, dhahabu ya fulani. Kwenye kijivu hakuna mtu ila mimi."

Alimwambia Garancière kwamba mchoro umekwisha, hauongezwi kitu. Akapeleka Maonyesho ule wa kijivu. Garancière aliutetea, Vaucanne ameniambia, mpaka wenzake wakamcheka. Ukarudi mwezi uleule, nyuma yake umepigwa muhuri mwekundu wa waliokataliwa. Ndiyo rangi pekee iliyomo katika mchoro ule. Tournadre naye, kadi ilipokuwa haiuziki, akaitoa dirishani akaweka mwimbaji. Nilikasirika nikakaa majuma bila kumtengenezea fremu, na hasira ile bado ninayo.

Binti Courtade hakusema mengi. Alishuka karakanani kwangu, akakaa juu ya sanduku la misumari.

"Mzee Lormier, nataka fremu."

"Kwa ajili ya picha gani? Tournadre anakuja lini?"

"Haji mtu. Ni kwa ajili ya mchoro wangu. Ukae humo, usitoke."

Katika miaka yote ile nilikuwa nimeitia michoro yake kwenye fremu za wenyewe na kuitoa kabla haijazoea. Hakuna hata mmoja uliowahi kulala ndani ya fremu. Nikachukua mwaloni bora niliokuwa nao, nikachonga mwenyewe kona zote, nikapaka dhahabu ya kweli. Nilipofika kwenye kuufunga nikatafuta vibanzi vyangu kwa mazoea, nikavitupa. Nikapiga misumari pande zote, mirefu, na vichwa vyake nikavizamisha ndani ya mti.

Halafu ikaja vita na Wajerumani wakauzingira mji. Baridi ile mnaijua. Kuni hazikuwepo, watu walichoma viti na ngazi. Binti Courtade alikuwa na michoro ya kijivu chumba kizima, na kila mmoja una mbao kavu nyuma. Tulikaa juu kwake sisi watatu kwa sababu jiko lake lilikuwa dogo. Mavuno yalitupikia supu ya farasi siku mbili.

"Garancière anawaka vizuri," akasema Eulalie.

"Mafuta mengi," akasema Binti Courtade. "Sasa lete yule wa vita. Tuone kama wale farasi watatusaidia kitu."

Wakubwa wote wa Ufaransa waliingia jikoni mle, na yeye mwenyewe ndiye aliyewasukuma kwa fimbo. Ulipobaki mmoja, ule wa mimi na fremu yangu begani, nikasema tuuchome, uhai ni bora. Akanikatalia kwa kichwa. Kifua kilimshika kabla mji haujafunguliwa, akafa akiwa amejitanda shali zake mbili, na yangu ya tatu. Tulimzika haraka, pamoja na wengi wa majuma yale.

Mchoro uko hapa karakanani, juu ya benchi. Wateja huutazama na kuuliza wa rangi uko wapi, naye Eulalie hujibu kutoka nyuma kwamba wa rangi yupo pale anakunywa supu.

Wiki iliyopita aliingia bwana mmoja mwenye glavu. Alinunua mandhari ya bahari mahali fulani na anatafuta fremu. Akazipita zote, akasimama chini ya ile, akaipima kwa fimbo yake.

"Hii. Itoe hiyo nakala ya kijivu, unifungie fremu."

"Haitoki," nikasema.

"Kila mchoro hutoka kwenye fremu, mzee. Wewe ni fundi, unajua."

"Yote niliitoa mimi. Huu hautoki."

Akanitazama, bakuli la supu mkononi mwangu, akautazama mchoro, akarudi kwangu.

"Ni wewe huyo?"

"Ndiye mimi."

"Nani alikuchora?"

Nikaliweka bakuli chini kwanza.

"Philomène Courtade," nikamwambia. "Mchoraji."